Kufungua Mlango Katika Ukuta Ubebao Nyumba

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na kuta zake zina unene wa kadiri ya nusu mita. Sakafu ya orofa na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3. Basi mwenye nyumba atakapo kufungua mlango baina ya vyumba viwili vilivyo sambamba, ukuta atakaoutoboa ndio huo huo ubebao boriti za vyumba vyote viwili.

Kosa kubwa ni kubomoa kwanza na kutafuta kizingiti baadaye. Watu hudanganyika kwa sababu ukuta uliotobolewa hauanguki papo hapo. Mawe yaliyo juu ya tundu hukazana yenyewe kwa yenyewe mfano wa tao, na yale tu yaliyo chini ya tao hilo, katika umbo la pembetatu, hulegea na kudondoka. Lakini ncha za boriti zikiwa ndani ya pembetatu hiyo, sakafu ya juu, pamoja na watu walalao juu yake, haina tena kitu cha kuitegemeza. Ufa ukionekana kupanda mshazari kutoka pembe ya tundu, kazi isimamishwe na watu wa orofani watolewe.

Kwa hiyo, kabla jiwe la kwanza halijaguswa, uzito upewe njia nyingine ya kufikia ardhi. Fundi husimamisha miega pande zote mbili za ukuta, ikishika gogo refu lililopitishwa chini ya boriti. Miega itandikiwe mbao nene. Na kazi ikiwa orofani, miega mingine isimamishwe chumba cha chini, sawasawa na ile ya juu. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, nalo ni la hatari. Kisha matundu madogo hutobolewa juu ya mahali pa kizingiti, yasiachane zaidi ya mita 1, na katika kila tundu hupitishwa mti mnene ushikwao na mwega kila upande. Kabari zikazwe kidogo kidogo, kwani zikigongwa mno huuinua ukuta na kuupasua.

Hapo unene wa ukuta huwa msaada. Fundi stadi huchimba nafasi ya kizingiti kwa upande mmoja tu, nusu ya unene, akaweka mhimili wa kwanza. Upande wa pili haugusi mpaka ule wa kwanza umeshika. Mlango wenye uwazi wa sentimita 90 hupewa mihimili ya sentimita 150, ili kila ncha ilale sentimita 30 juu ya ukuta, kwa maana matumbawe ni laini, nayo husagika ncha ikiwa fupi. Nafasi iliyobaki baina ya mhimili na mawe ya juu ishindiliwe vipande vya mawe na chokaa isiyo na maji mengi. Ikiachwa wazi hata unene wa kidole, ukuta utashuka kiasi hicho hicho.

Ndipo mawe ya chini hutolewa, kuanzia juu, na miimo hujengwa kwa mawe makubwa. Kizingiti kikiwa cha zege na nondo, kisitwikwe uzito wote kabla ya siku 28. Chokaa huchelewa zaidi kukomaa. Kabari hulegezwa moja moja, huku fundi akiutazama ukuta. Lipu nayo iwe ya chokaa, kwani saruji huzuia unyevu usitoke katika matumbawe.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, kwa hiyo ruhusa iombwe kabla ya nyundo ya kwanza.