Motokari imekataliwa kwenye kontrole: fanya nini ukingoja kurudi?

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi hapa Likasi. Kwenye kontrole tekiniki wamekataa motokari kwa sababu ya freni, wakaniambia nitengeneze kisha nirudi. Patron anadai versement kila jioni. Naweza kuendelea na kazi nikingoja? Na polisi wa roulage akinisimamisha, nimjibu nini?

JIBU: Ndugu dereva, usipakie abiria hata mmoja mpaka freni zipone na motokari ipite. Karatasi ya kukataliwa inaonyesha tu cha kutengeneza. Haiwezi kushika nafasi ya cheti cha kontrole.

Karatasi hiyo inaweza kukugeukia mahakamani

Kifungu cha 52 cha Code pénal kinamhesabia hatia mtu anayeua au kujeruhi kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Akifa mtu, kifungu cha 53 kinatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Akijeruhiwa, kifungu cha 54 kinatoa siku 8 hadi mwaka 1. Kabla ya kontrole ungeweza kusema hukujua. Sasa kuna karatasi yenye tarehe, namba ya motokari na neno “freni”. Fikiria uko kwenye barabara ya taifa namba 1, nyuma ya lori la madini linaloelekea Lubumbashi. Lori linasimama ghafla, unakanyaga, pedali inazama mpaka chini. Mbele ya jaji, utetezi wako utakuwa umekwisha.

Patron naye ahusika

Mwambie mwenye motokari asome kifungu cha 260 cha Code civil, kitabu cha tatu, sheria ya tangu 1888: anayemtuma mtu kazi analipa hasara ambayo mtu huyo anasababisha akiwa kazini. Asiransi ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, lakini fungueni mkataba wenu mtazame unasema nini juu ya motokari isiyo na kontrole. Anayekusukuma barabarani ili apate versement ya leo anaweza kulipa matibabu au mazishi ya watu kesho.

Jinsi ya kuifikisha garaji na kuirudisha

Kasoro ikiwa ya freni, direksio au matairi, motokari ivutwe, au fundi aje nyumbani. Kazi ikiisha, dai faktire yenye tarehe na majina ya vipuri vilivyobadilishwa. Omba ofisi ya kontrole iandike siku ya kurudi na kupiga muhuri. Siku hiyo nenda moja kwa moja, mchana, bila abiria wala mzigo, ukiwa na permi, karte roze, asiransi, vinyeti, faktire na karatasi ya kukataliwa. Hati hizo zinaonyesha nia njema. Hazimzuii polisi kuandika kosa ikiwa cheti chako kimekwisha.

Polisi akikusimamisha

Egesha pembeni, zima moteri, msalimie kwa heshima, mpe hati. Akiona kosa, mwombe aliandike kwenye proseverbali: kosa gani, sheria gani, faini kiasi gani. Faini ya Serikali hulipwa kwa hati, nawe unabaki na risiti. Usitoe matabishi. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 iliongeza nguvu ya adhabu za rushwa, na anayetoa anashitakiwa kama anayepokea.

Akitaka kukufunga, kumbuka kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006. Lazima uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoelewa. Na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika kifungu cha 1. Una haki ya kuita familia au avoka papo hapo. Huwezi kuwekwa kizuizini na polisi zaidi ya saa 48: zikipita, uachiliwe au upelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Anayemkamata mtu kiholela, kwa nguvu, hila au vitisho, kifungu cha 67 cha Code pénal kinamtaka afungwe mwaka 1 hadi 5. Andika siku, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, kisha peleka malalamiko kwenye parquet ya Likasi.

Anza leo na patron

Kabla ya kwenda garaji, kaa naye mkubaliane kwa maandishi mambo mawili: nani analipa vipuri, na kwamba versement inasimama mpaka motokari ipite. Wekeni sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na kopi. Najua siku bila kazi zinaumiza nyumba. Ndiyo maana mzigo huo usiubebe peke yako: motokari ni yake, na faida ya kila jioni ilikuwa yake pia.