SOMO: KUPIMA MABADILIKO YA PWANI YA MADIMBA

Pwani ya Madimba na jirani zake, tangu Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma, haikai katika hali moja. Mchanga huhama, mikoko husogea, na matumbawe hufa na kuota tena. Lengo la somo hili ni kueleza namna wataalamu wanavyoyapima mabadiliko hayo, na kwa nini vipimo hivyo vinamhusu kila mtumishi na kila mkazi.

Asili ya mabadiliko

Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kuifikia Afrika katika eneo hili. Hapo hugawanyika: maji mengine huelekea kaskazini hadi Kenya, na mengine kusini kupitia Msumbiji. Mto Ruvuma nao huteremsha udongo wa bara wakati wa mvua. Udongo huo hutua mlangoni, hujenga mafungu na kuyageuza maji njia yake. Mikoko huota penye tope jipya na huanguka penye mmomonyoko. Aidha, pepo za kusi na kaskazi husogeza mchanga wa ufuoni kwa zamu.

Namna ya kupima

Kwa sababu hiyo, kipimo cha siku moja hakitoshi. Ufuo uliopungua wakati wa kusi huenda ukajaa tena wakati wa kaskazi. Mtaalamu hurejea mahali pale pale, katika majira yale yale na hali ile ile ya maji, mwaka hadi mwaka. Juu ya mwamba hunyoosha kamba ya kupimia, kisha huandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani au mchanga. Kwa mikoko, picha za angani za miaka mbalimbali hulinganishwa.

Faida yake ilionekana mwaka 1998. Joto la bahari lilipozidi kiwango cha kawaida, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipoteza mwani mdogo sana unaoyapa rangi na chakula, yakawa meupe, na mengi yakafa. Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ilikuwa imeanza kuyafuatilia matumbawe ya karibu na mji wa Unguja tangu mwaka 1994. Hivyo iliweza kulinganisha hali ya kabla na ya baada.

Kutambua chanzo

Tumbawe lililouawa na joto hubaki limesimama, likafunikwa na mwani. Lililopigwa baruti huvunjika vipande vipande. Tofauti hiyo ni muhimu: joto halizuiliwi na kijiji kimoja, bali baruti huzuilika. Tena, mwamba uliosagika hupona polepole sana, kwa kuwa vipande vinavyobiringika havimpi tumbawe mchanga mahali imara pa kushika.

Sheria na wajibu

Chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikiwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 650. Gesi asilia iligunduliwa katika ghuba hiyo mwaka 1982, na kiwanda cha kuisafisha kilizinduliwa Madimba mwaka 2015. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Pasipo kumbukumbu za awali, mvuvi anayelalamika hana ushahidi, na mwenye mradi hana namna ya kujitetea.

Kwa hiyo watumishi wanakumbushwa kuhifadhi taarifa za vipimo katika ofisi za vijiji na kata. Wakazi nao wanaombwa wasing'oe vigingi wala alama za wapimaji. Wakiona matumbawe meupe, mikoko inayokauka au ufuo unaomegeka, watoe taarifa mapema, wakitaja mahali, tarehe na hali ya maji: bamvua au maji mafu.