Kufundisha Jiografia ya Bahi: Maji Yasiyo na Njia ya Kutokea

Katika somo moja la mazoezi, mwanachuo aliwauliza watoto wa darasa la tano kinamasi hutokea wapi. Wakaitikia kwa pamoja: "Penye mvua nyingi!" Akawasifu, akaendelea. Shule ile haikuwa mbali na Bahi, na baadhi ya watoto wale wazazi wao hulima mpunga.

Bahi ni mji mdogo kwenye Reli ya Kati, magharibi ya Dodoma, katika wilaya ya jina hilo iliyoanzishwa mwaka 2007. Mvua ya huko ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ni nchi kame. Hata hivyo, mwaka wa mvua njema tambarare zilizo karibu na mji hufunikwa na maji, na majaruba hujaa mpunga.

Sababu ni umbo la nchi. Bahi imo sakafuni mwa Bonde la Ufa. Upande wa magharibi umesimama ukingo wa Kilimatinde, na treni iendayo Manyoni haina budi kuupanda. Mto Bubu hushuka kutoka nchi ya juu ya Kondoa na kuishia katika kinamasi hicho. Hakuna mto utokao humo kwenda baharini. Maji huondoka zaidi kwa kugeuka mvuke, na chumvi iliyokuja nayo hubaki.

Yafaa mwalimu asianze na ramani. Achukue sinia, atandaze udongo wa mfinyanzi wenye shimo pana katikati na mfereji upande mmoja, kisha amimine maji yenye chumvi kidogo. Watoto watafute maji yatatokea wapi. Najua dakika 40 hazitoshi. Sinia na libaki juani siku kadhaa, mpaka utando mweupe uonekane.

Ndipo waulizwe: mvua ikinyesha sana Kondoa na Bahi kukawa kukavu, je, majaruba yatapata maji? Mtoto aliyekariri "penye mvua nyingi" hawezi kulijibu. Wakishindwa, na wakawaulize wakulima wa mpunga nyumbani, warudi na majibu yao, hata yakipingana, yajadiliwe mbele ya sinia.