Kidonda cha Ulimi: Kukitambua, Kukitibu na Kukipa Msimbo

Mgonjwa wa Songwa, wilayani Kishapu, mwenye kidonda cha ulimi aweza kurudi zahanati mara tatu, akapewa dawa ya kusukutua, na kila mara daftarini pakaandikwa "kidonda mdomoni". Maneno hayo hayasemi kidonda kipo wapi wala kimekaa muda gani, nayo ndiyo maswali mawili ya kwanza.

Kidonda kilichosababishwa na jino lenye ncha huanza kupona jino likishasawazishwa. Kisipopona katika majuma mawili, kishukiwe kuwa saratani, hasa kikiwa ukingoni mwa ulimi na kigumu kwa kidole chenye glavu. Kutouma kusimpe mtu amani, kwa kuwa saratani changa mara nyingi haiumi. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, na pombe huongeza hatari. Hata hivyo asiyetumia vyote hivyo asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Shingo nayo ipapaswe pande zote mbili kutafuta mitoki.

Uthibitisho hutokana na kinyama. Hukatwa kwa ganzi ukingoni mwa kidonda pamoja na sehemu nzima iliyo jirani, si katikati penye tishu zilizokufa, kisha huwekwa katika formalini ya asilimia 10. Wako wanaoogopa kwamba kisu hueneza ugonjwa. Waelezwe kuwa kuchelewa ndiko huipa saratani nafasi ya kufika kwenye tezi za shingo.

Saratani ya theluthi mbili za mbele za ulimi hutibiwa kwanza kwa upasuaji. Ile ya shina la ulimi mara nyingi hutibiwa kwa mionzi, pamoja na tibakemikali ugonjwa ukiwa umeendelea. Utafiti wa Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusu wagonjwa wa saratani changa ya kinywa. Walioondolewa tezi za shingo katika upasuaji uleule wa kwanza, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliongojewa hadi tezi zionyeshe ugonjwa, asilimia 67.5. Kwa mtu wa Songwa, ambaye kila safari ya kwenda Bugando, Mwanza, ni nauli na siku za kazi, hoja hiyo ina uzito zaidi.

Mtunza kumbukumbu hutegemea alichoandika tabibu. Katika ainisho la kimataifa la magonjwa, toleo la 10, kidonda cha ulimi kilichotokana na jino ni K14.0. Saratani ya shina la ulimi ni C01. Ya uso wa juu C02.0, ya ukingo C02.1, ya uso wa chini C02.2. Iliyoenea hadi tezi za shingo huongezewa C77.0. Msimbo C02.9 ni wa ulimi usiotajwa sehemu, na kwa kawaida hutokana na uvivu wa kalamu. 

Fomu ya rufaa yatosha kusema hivi: "Kidonda cha sentimeta 2, ukingo wa kushoto wa ulimi, kigumu, juma la sita, mtoki mmoja, shingo kushoto."