Dawa za Mzazi na Pensheni Isiyoongezeka

Mama akikuambia kwenye simu kwamba dawa bado zipo, muulize vimebaki vidonge vingapi. Wazee wengi wanaoishi kwa pensheni hawataki kuwasumbua watoto. Dawa ya presha ikikaribia kwisha hawasemi. Wanakata kidonge katikati, au wanameza siku kichwa kinapouma na kuacha siku wanapojisikia vizuri. Lakini presha inaweza kupanda bila mtu kuhisi chochote, na kiharusi hakisubiri mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, jua kwanza mzazi anameza nini, kiasi gani, na nani alimwandikia.

Siku utakayokwenda nyumbani, mwombe atoe dawa zote: za kabatini, za kwenye mkoba, hata zile za mwaka juzi. Zitie kwenye mfuko mmoja, kisha nendeni nazo kliniki, daktari au mfamasia azipitie moja moja. Kwenye mrundikano huo wa dawa ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Mzee aliyetibiwa hospitali mbili tofauti anaweza kuwa ananunua dawa ileile kwa majina mawili ya kibiashara na kumeza zote mbili, jambo ambalo ni hatari mbali na gharama yake. Mwingine anatumia diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, kisha anaongezewa dawa nyingine ya kushusha presha hiyohiyo. Kupunguza au kuacha dawa ni uamuzi wa daktari, usiufanye wewe. Kazi yako ni kuhakikisha daktari anaziona zote kwa pamoja.

Hapohapo mwombe aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni. Amlodipini, losatani na metfomini zinatengenezwa na viwanda vingi, na bei zake hupishana sana kwenye rafu moja ya famasi. Uliza bila aibu: “Ipo ya bei nafuu iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA?” Uliza pia kama dawa aliyoandikiwa imo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, kwa sababu vituo vya serikali huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kufuata orodha hiyo. Na kama kidonge ni cha kuyeyuka polepole mwilini, mzazi asikikate wala kukitafuna, maana dozi ya kutwa nzima inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo mmoja.

Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya serikali. Safari inaanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako anatambuliwa, kisha halmashauri inampa kitambulisho cha matibabu. Mfuatilie hadi akipate. Ni haki yake, asiende kuiomba kwa unyonge. Uchungu huja pale mzee mwenye kitambulisho anapoambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, akanunue nje. Asiondoke hapo. Arudi kwa daktari aulize kama ipo dawa mbadala iliyopo siku hiyo, kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mzee wa miaka 75 hawezi kuzunguka korido hizo peke yake. Kijana akiwa naye, mambo huenda tofauti.

Wewe mwajiriwa uliye mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), kumbuka kwamba mwanachama anaweza kuandikisha wazazi wake, na hata wakwe, miongoni mwa wategemezi wake. Mzazi mwenyewe akiwa mstaafu aliyechangia mfuko huo kazini, nenda naye ofisi ya mkoa mkaulize haki yake na ya mwenza wake. Kituo kikikosa dawa iliyomo kwenye bima, ombeni Fomu 2C ili aichukue famasi iliyosajiliwa na mfuko bila kutoa pesa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja na utaratibu mpya, kwa hiyo ulizieni ofisini badala ya kutegemea maelezo ya jirani.

Pensheni ikiingia, dawa za mwezi mzima zinunuliwe kwanza, kabla ya mchele na umeme. Kununua vidonge vitano vitano hugharimu nauli nyingi, na huacha siku za katikati zisizo na dozi. Anayetumia insulini aiweke chupa isiyofunguliwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, itupwe hata kama imeyeyuka tena.

Ukiwa mbali, chagua famasi moja karibu na mzazi, uelewane na mfamasia wake, ulipe mwenyewe kwa lipa namba na uombe picha ya risiti na ya pakiti. Pesa ya dawa ikipitia mkononi mwa mama mwenye wajukuu, itanunua daftari.