Wi-Fi ya Wateja na Wi-Fi ya Malipo: Zitenganishe

Umeweka Wi-Fi kwenye duka, kinyozi au hoteli yako na kubandika nywila ukutani? Wateja wanapenda hivyo. Shida inaanza pale simu unayopokelea malipo inapotumia Wi-Fi hiyo hiyo.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ruta yenyewe. Ruta nyingi huja na nywila ya msimamizi iliyo rahisi kukisia, kama "admin". Mtu aliye kwenye Wi-Fi yako akiijua, anaweza kubadilisha mipangilio ili simu yako ipelekwe kwenye ukurasa bandia unaofanana na wetu. Ukiandika PIN hapo, umempa.

Jikinge hivi:

1. Unganisha simu na Wi-Fi yako, fungua brauza, kisha andika anwani iliyo kwenye stika ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

2. Badilisha nywila ya msimamizi kwanza. Hii si ile ya Wi-Fi. Ni ile ya kuingia kwenye mipangilio.

3. Washa mtandao wa wageni, palipoandikwa "Guest". Upe jina la biashara yako. Nywila yake ndiyo utabandika ukutani. Hakikisha wageni hawaruhusiwi kufikia vifaa vyako vingine wala mipangilio ya ruta.

4. Badilisha nywila ya mtandao mkuu pia, kwa sababu simu za wateja wa zamani bado zinaikumbuka ile ya kwanza. Weka ndefu, herufi 12 au zaidi. Kwenye usalama chagua WPA3, au WPA2 kama ruta yako haina WPA3. WEP achana nayo, ilivunjwa kitambo.

5. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi.

Ukimaliza, simu ya malipo ibaki kwenye mtandao mkuu peke yake. Mfanyakazi akiacha kazi, badilisha nywila siku hiyo hiyo.

Na ukiona onyo kwamba ukurasa si salama, usibonyeze kuendelea. Zima Wi-Fi, tumia data ya laini yako.

Kumbuka: hatutakupigia kamwe kuuliza PIN yako, wala nywila ya ruta. Anayeuliza si sisi. Kata simu.