Fedha ya Kuchovya: Ngozi ni Fedha, Mwili ni Shaba



Wengi wetu tumekwisha kuona mrashi. Ni kile chombo chenye shingo ndefu na kichwa chenye vitundu, ambacho hunyunyizia wageni marashi arusini au kwenye maulidi. Hung'aa kama fedha. Lakini je, ni fedha kweli? Mara nyingi siyo. Ni shaba iliyovikwa fedha kwa juu. Leo tujifunze jinsi mafundi wanavyotengeneza vyombo vya namna hii, ili tujue tunanunua nini, na fundi anapata taabu gani.

MJI WA SHABA

Huko India, mashariki ya Delhi, kando ya mto Ramganga, upo mji uitwao Moradabad. Ulianza katika karne ya 17, ukapewa jina la Murad, mtoto wa mfalme Shah Jahan. Watu huuita Pital Nagri, yaani Mji wa Shaba ya Manjano. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki.

Kazi nyingi hufanyika katika karakana ndogo na majumbani. Kila fundi ana sehemu yake. Mmoja huyeyusha, mwingine hupiga tupa, mwingine hutia nakshi. Chombo kimoja hupita mikono mingi.

HATUA ZA KAZI

1. Kusubu. Kwanza hutengenezwa kielelezo cha chombo. Mchanga wenye unyevu hushindiliwa kukizunguka ndani ya sanduku. Kielelezo kikitolewa, hubaki nafasi yenye umbo lile lile. Hiyo ndiyo kalibu. Shaba huyeyushwa katika tanuri, joto likipita nyuzi 900, halafu humiminwa ndani ya kalibu. Mrashi una uwazi ndani, kwa hiyo hutengenezwa vipande vipande.

2. Kuunga. Vipande huunganishwa kwa kulehemu. Kisha huondolewa mikwaruzo na vinundu kwa tupa na msasa.

3. Kutia nakshi. Fundi hushika patasi ndogo na nyundo, akachora maua na majani, pigo baada ya pigo. Hapa hakuna kufuta. Patasi ikiteleza, alama imebaki.

4. Kusafisha. Chombo husuguliwa mpaka king'ae, huondolewa mafuta, halafu hutiwa katika tindikali kidogo. Baada ya hapo huoshwa kwa maji mengi. Hata alama ya kidole chenye mafuta yaweza kuizuia fedha isishike.

5. Kuchovya. Chombo huning'inizwa katika beseni lenye maji yaliyoyeyushwa chumvi ya fedha. Kando yake huning'inizwa kipande cha fedha. Umeme ukipita, fedha hutoka kwenye kile kipande, hupita majini, na kuganda juu ya shaba. Njia hii ilipata hataza huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1840, kwa jina la Elkington.

6. Kung'arisha. Chombo hutoka kimefifia. Husuguliwa kwa kitambaa laini mpaka kiwe kama kioo.

Fedha hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya gazeti. Basi uzuri wa chombo hautoki kwenye fedha peke yake. Unatoka kwa yule aliyemimina, aliyeunga na aliyechora. Fedha haifichi kazi mbaya. Nakshi ikiwa ovyo, kung'aa kutaionyesha zaidi.

SUMU KATIKA KAZI HII

Shaba ya manjano ikiyeyuka hutoa moshi mweupe wa zinki. Fundi akiuvuta, usiku hushikwa na homa na baridi, akadhani ni malaria. Vumbi la kusugua nalo huingia mapafuni.

Hatari kubwa zaidi imo katika beseni. Chumvi ya fedha inayotumika sana ina sianidi, na sianidi ni sumu inayoua upesi. Ikikutana na tindikali, hutoa hewa ya kuua. Ndiyo maana chombo kikitoka kwenye tindikali ni lazima kioshwe sana kabla ya kuingia kwenye beseni. Na maji machafu yakimwagwa mtaroni, huua samaki na kuharibu maji ya watu.

Kwa hiyo, vijana, msijaribu kuchovya fedha nyumbani. Kusubu, kuunga na kutia nakshi mnaweza kujifunza kwa fundi mzoefu. Kuchovya kunataka karakana yenye hewa, vifaa vya kinga, na mtu aliyesomea dawa hizo.

TUSIDANGANYIKE DUKANI

Kuuza chombo cha kuchovya si kosa. Kosa ni kusema ni fedha tupu na kutoza bei ya fedha tupu. Tazama chini ya chombo. Alama 925 maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni fedha. Herufi EPNS maana yake ni chombo cha kuchovya. Lakini alama huweza kughushiwa, kwa hiyo tazama pia kingo na kitako. Rangi ya manjano ikichungulia, hiyo ni shaba. Wengine husema, "Jaribu sumaku." Sumaku hukamata chuma, lakini haikamati fedha wala shaba. Basi haitakusaidia kuzitenganisha.

Ukikipata, usikisugue kwa majivu wala mchanga kama sufuria. Utamaliza fedha yote! Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini, halafu kaushe.

MANENO MAPYA

Kalibu: nafasi ya mchangani inayopokea madini yaliyoyeyuka.
Kusubu: kumimina madini katika kalibu.
Hataza: haki ya mvumbuzi inayolindwa na sheria.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini chombo huoshwa kati ya tindikali na beseni?
2. Mrashi wa kuchovya una thamani gani, ikiwa fedha yake ni kidogo?
3. Katika kijiji chetu, ni mafundi gani wanavuta moshi au vumbi? Tufanye nini?